Weka Shavu Kwenye Robota

Vijana wa jineri ya pamba, mlinicheka mliposikia nimemwagia maji kazi ya sanaa pale makumbusho. Mlicheka mpaka mama ntilie akaacha kusonga ugali. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikasikia kila neno, hata yule aliyesema, "Mzee kaona mchoro wa moto, kakimbilia ndoo." Haukuwa mchoro, lakini hapo kwenye ndoo hakukosea. Sasa na mimi niseme yangu, maana nyinyi mnapanga marobota kila siku na wengi wenu hamjui mnapanga nini.

Niliishia darasa la nne. Kalamu na mimi hatujazoeana. Mkiona nimeruka huku nikarudi kule, vumilieni, kazi nayo ndivyo inavyonijia kichwani.

Makumbusho yenyewe mnayapita kila siku. Ni lile godauni la jineri ya zamani tuliyofanyia kazi sisi, lililokaa tupu miaka mingi likawa la popo na mbuzi. Wameligeuza, wamepaka rangi nyeupe ndani, wameweka taa, wakaandika mlangoni kwamba ni makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mimi nilishaapa kwamba humo sitaingia tena mpaka nakufa. Aliyenivunja kiapo ni Nyanzobe.

Nyanzobe ni binti wa Luhende. Na Luhende alikuwa mwenzangu wa presi, ile mashine ya kukandamiza pamba iwe robota, ndiye aliyenifundisha kazi, na alifia motoni ndani ya godauni hilo hilo. Makovu haya ya shingoni na mkono wa kushoto, ambayo nyinyi mnayaona mkiniamkia halafu mnaangalia pembeni, ni ya siku hiyo.

Huyo binti sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mwamapalala. Alikuja kwangu akasema, "Bamdogo, nataka kulileta darasa langu waone sanaa. Lakini nataka nikaone mwenyewe kwanza, na peke yangu siwezi kuingia humo."

"Mayu, mama yangu, hata mimi siwezi."

"Basi tutashikana mikono kama vipofu."

Tukaenda. Mlangoni tulipokewa na mtunzaji wa makumbusho, dada mmoja anaitwa Rehema, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikamwongezea mwangaluka, salamu yetu Wasukuma. Akacheka. "Hiyo baba sijafika bado. Nifundishe polepole." Nikampenda hapo hapo, na kwa yaliyofuata ilinisaidia.

Kushoto mwa mlango palikuwa na kibao kimepigiliwa ukutani kwa skrubu. Nyanzobe alikisoma haraka. Mimi nilikisoma kwa kidole. Kilisema jengo hili lilikuwa ghala la pamba, kwamba liliteketea kwa uzembe wa mfanyakazi aliyekuwa akivuta sigara ndani, naye akafa katika moto huo.

"Hawakumtaja," Nyanzobe akasema.

"Wamtaje wa nini? Bariadi nzima inamjua."

"Darasani kwangu kuna watoto wa ukoo wetu, bamdogo. Wajukuu wa ndugu zake. Ndio nije niwapange mstari hapa wasome kwa sauti?"

Nikamwambia nililomwambia tangu anavaa sare ya shule: haikuwa sigara. Akanijibu vile anavyonijibu siku zote, "Ndiyo, bamdogo," kwa ile sauti ya adabu ambayo mtu anampa mkubwa wake ili mazungumzo yaishe. Halafu safari hii akaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia. "Lakini kiberiti chake kipo. Mama anakiweka kabatini, kimefungwa kwenye kitambaa. Tangu niko mdogo nakiona. Kila nikikiona nasema, ni hiki."

Nilitaka kujibu. Rehema akatuita ndani.

Ngoja kwanza niwaeleze Luhende.

Siku yangu ya kwanza kwenye presi nilijifanya najua. Nikapiga robota konzi, nikasema limekaza. Luhende akaniangalia kama anavyoangaliwa ndama aliyezaliwa na miguu imepinda. "Hilo ni tikiti maji?" akaniuliza. "Weka shavu."

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Robota likitoka presi, likishafungwa waya, unaweka shavu lako juu yake, pande zote, umefumba macho. Kiganja cha mtu wa jineri kimekufa ngozi, hakisikii joto. Shavu linasikia. Akina mama waliokuwa wakifagia mbegu waliniona nimekumbatia robota wakapiga vigelegele. "Luhende, mwanafunzi wako kaoa! Mahari ng'ombe wangapi?" Luhende akawajibu, "Mwacheni, huyu mke hapigi kelele."

Kwa nini shavu? Sikilizeni hapa, ndipo nilipotaka mfike. Pamba ikija kutoka vijijini inakuja na mambo yake. Kuna wanaochakachua, wanatia mchanga na mawe ili mzani uguse chini. Kuna msumari umeanguka, kuna nati ya baiskeli. Vitu hivyo vikipita kwenye mashine vinapiga cheche. Cheche inaruka na pamba safi, inaingia presi, inakandamizwa katikati ya robota. Haizimiki. Haiwaki pia, kwa sababu hewa haina. Inakaa humo inatafuna taratibu, siku na siku, kama funza kwenye hindi. Nje robota ni jeupe, zuri, halina moshi. Unaweza kulikalia ukala mhogo. Siku likipata hewa, waya ukikatika tu, linalipuka lote kwa mara moja.

Kwa hiyo robota la moto haliingizwi godauni. Linawekwa uwanjani peke yake, mbali na mengine, linaangaliwa mpaka lipoe au lijionyeshe. Na maji ya juu juu hayalisaidii, pamba iliyokandamizwa hainywi. Luhende alikuwa akinieleza hivyo kila msimu, na kila msimu nilimwambia nimeelewa.

Sasa wahusika, nawataja, sina sababu ya kuwafunika. Mlango wa kulishia pamba ulikuwa na sumaku ya kukamata vyuma. Aliyeiondoa ni Sospeter, msimamizi wetu, akisema inachelewesha kazi. Siku ile Luhende aliweka shavu kwenye robota moja akashtuka, akaniita na mimi nikaweka. Lilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Tukalitoa uwanjani. Mchana mawingu yakaja kutoka upande wa Meatu. Meneja, Malugu, akatoka ofisini na mwavuli, akasema robota lililoloa mnunuzi hapokei, liingizwe. Luhende akamwambia, "Bosi, hili lina moto." Malugu akalizunguka, akalipiga teke la kiatu, akasema, "Moshi uko wapi?" Sospeter, aliyekuwa anajua vizuri kama sisi, akaangalia chini akasema, "Sioni moshi, bosi." Likaingizwa.

Baadaye mvua ikiwa imeshanyesha tukasikia harufu, kama nywele zimegusa kibatari. Luhende akachukua toroli, mimi nikashika mbele, tukalisukuma kwenda mlangoni. Hatukufika. Waya ukakatika. Nakumbuka mwanga tu, halafu nakumbuka Luhende ananigonga na toroli tumboni, ananisukuma nalo mpaka nje kama gunia. Yeye hakutoka.

Kesho yake Sospeter akaokota kipisi cha sigara nje ya ukuta, akampelekea Malugu mkononi kama kapata dhahabu. Basi ikaisha. Luhende alivuta, sikatai, alivuta sana. Lakini alivutia ng'ambo ya geti, kwa mama wa chai, na akirudi kazini kiberiti alimwachia yule mama chini ya chupa ya chai. Kila siku, na siku ile pia. Mama wa chai alikuja kusema, Malugu akamwambia akauze chai. Mimi nilikuwa hospitali nimefungwa bandeji hadi mdomoni. Nilipotoka nikasema, wakaniambia moto umenipanda kichwani, wakaniachisha kazi. Malugu amekufa, nasikia kitandani kwake, shuka jeupe, watoto wamemzunguka. Sospeter yupo, mnamwamkia sokoni.

Turudi makumbusho.

Vijana, mimi nilidhani sanaa ni picha ya mlima na twiga. Nilivyoingia mle nilikuwa nimekaza shingo, natafuta nguzo gani ilikuwa wapi, presi ilikuwa upande gani. Nikainua macho, nikasahau. Juu, kutoka kwenye mabati hadi karibu na vichwa vyetu, yalikuwa yananing'inia majembe. Majembe yaliyokwisha, yale tunayotupa, kila moja na uzi wake. Upepo ukipita mlangoni yanagusana, na sauti yake ni ndogo, ya kengele za mbuzi wakiwa mbali. Nikasimama chini yake. Hakuna lililolika sawa na mwenzake. Moja limelika kushoto, lingine kulia, moja limebaki kama kucha. Kila moja ni mtu. Ni mgongo wa mtu na mvua zake zote. Nikamtafuta mama yangu mle juu, na msinicheke kwa hili, nadhani nilimwona.

"Nani kafanya hivi?" nikamuuliza Rehema.

"Kijana mmoja wa Itilima. Alizunguka nyumba kwa nyumba akibadilishana, jembe jipya kwa lililokwisha."

"Watu walimwona mwehu."

"Wengine walimpa na la jirani."

Ukutani palikuwa na kitambaa kimeshonwa kwa vipande vya magunia ya pamba, kirefu kuliko nyumba yangu, na kwa mbali kilikuwa mbuga ya kiangazi kabisa, hata vumbi unalisikia kooni. Ukikisogelea kinakuwa magunia tena. Nilienda nikarudi, nikaenda nikarudi, Nyanzobe akaniambia, "Bamdogo unapima shamba?" Lakini yeye naye alikuwa anafanya vile vile.

Halafu picha nyeusi. Nyeusi tupu, ubao mzima. Nikasema huyu rangi zingine zilimwishia. Rehema akaniambia nisimame tu, nisiongee. Nikasimama. Baada ya muda weusi ukaanza kuachana. Kukawa na weusi wa masizi, weusi wa ng'ombe, weusi wa udongo wa mbuga ukishalowa. Ndani kabisa pakawa na kitu kama mlango. Nilitaka kuondoka na miguu ikakataa. Sijui aliyechora alikuwa anawaza nini. Mimi nilikuwa naona godauni hili asubuhi ile ya baada ya moto, ambayo nilisimuliwa tu kwa kuwa sikuwepo, na hapo kwa mara ya kwanza nikaiona. Nikavua kofia.

Sijawahi kusimama mbele ya kitu cha mikono ya mtu nikajisikia hivyo. Kanisani, ndiyo. Lakini hiki kilikuwa ubao na rangi, na kilinijua.

Na ndiyo maana nilipofika chumba cha mwisho sikuwa mtu mwenye akili ya kawaida. Chumba cha giza, na katikati, peke yake sakafuni, robota. Robota la kweli, limefungwa waya, la kipimo chetu. Na katikati yake, ndani kabisa, nyuma ya pamba, wekundu. Unakuja taratibu, unafifia, unakuja. Kama kitu kinapumua.

Nyinyi mngefanya nini sijui. Mimi nilitembea moja kwa moja nikapiga magoti nikaweka shavu.

Lilikuwa na joto.

Sikukumbuka taa. Sikukumbuka sanaa. Nilimshika Nyanzobe nikamsukuma mlangoni kwa nguvu ambazo sijazitumia tangu niachishwe kazi, nikaona ndoo ya kunawia mikono imewekwa pembeni ya mlango, nikaibeba, nikamimina yote. Kitu kikapiga pwaa, wekundu ukazimika, na taa za chumba kile na za chumba cha picha nyeusi zikazimika nao. Rehema akaja mbio na tochi ya simu. Alinikuta nimesimama mbele ya robota nimetanua mikono, namzuia asikaribie.

"Baba," akasema taratibu sana, "ni balbu."

Nikasikia. Mikono ikakataa kushuka.

"Baba, tafadhali. Ni balbu tu, imewekwa ndani."

Nyanzobe alikuwa amekaa chini pale nilipomsukumia, kiatu kimoja kimemtoka, ananiangalia. Miaka yote ananisikiliza kwa adabu, siku hiyo alikuwa ananiangalia.

Rehema akampigia aliyetengeneza lile robota, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie. Ni mwanamke mzaliwa wa kijiji cha Kimali, anaishi mbali siku hizi. Rehema alikuwa anaomba radhi, kuna mzee kamwaga maji, umeme umekatika. Yule mwanamke akauliza, "Alifanya nini kabla ya kumwaga?"

"Aliweka shavu."

Kisha akasema, "Mpe."

Nikapewa. Akaniamkia kwa Kisukuma, nikaitika. Akaniambia alipokuwa mtoto Kimali aliona lori la pamba limesimama njiani, robota moja limeshushwa peke yake porini, na mtu amelilalia shavu. Watoto walicheka. Jioni lile robota likawaka lenyewe, hakuna mtu karibu, wakalala wakiliona ng'ambo ya mto. "Sikujua yule mtu alikuwa anafanya nini," akasema. "Nimelitengeneza kwa sababu sikujua. Baba, alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza nyinyi. Sumaku, cheche, mwavuli wa Malugu, Sospeter kuangalia chini, toroli tumboni. Niliongea na simu lakini Nyanzobe alikuwa pale chini anasikia, na mara hii hakuniambia ndiyo, bamdogo. Aliposikia mama wa chai na kiberiti chini ya chupa, akainua kichwa.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kumbe ni mama wa chai aliyekileta nyumbani. Mama yangu hakuniambia kilitoka kwa nani." Akaokota kiatu chake. "Mimi nilidhani walikitoa kwa baba. Mfukoni."

"Mayu," nikamwambia, "mfukoni mwa nani? Mimi nilitolewa nje na shati likawa limeshikana na ngozi. Kama baba yako angekuwa nacho humu ndani, kingebaki kiberiti?"

Mwalimu mzima, anafundisha watoto hesabu. Lakini alikiona kikiwa kabatini akiwa mdogo wa kufika kiunoni mwangu, na tangu hapo hakukiuliza tena, alikichukia tu. Akafunika uso na mikono yote miwili. Hakulia kwa sauti. Yule mwanamke kwenye simu hakukata.

Mwishowe Rehema akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu halitampendeza, "Ni mfanyakazi yule wa kwenye kibao?"

"Nani alikupa maneno ya kibao?" nikamuuliza.

"Mzee Sospeter. Ndiye aliyetusaidia historia ya jengo. Siwezi kuyaondoa bila kumuuliza, baba, nitaonekana nimejiamulia."

Nilikuwa na maneno ya Sospeter tayari, ya miaka, hayafai kuandikwa. Nyanzobe akanitangulia. Alisimama, akavaa kiatu, akajifuta uso na ncha ya mtandio. "Muulize," akasema. "Usimgombeze. Mwambie mtoto wa Luhende yupo hapa, anataka kujua swali moja. Kiberiti cha mtu aliyewasha moto akaungua nao kinakaaje kabatini kwa mkewe, hakijaungua hata pembe."

Rehema akapiga. Tulisikia simu ikipokelewa, tukasikia salamu, tukasikia akiuliza swali neno kwa neno kama mwanafunzi mzuri. Halafu Sospeter akasema yuko sokoni, kuna kelele, atapiga baadaye. Nyuma yake hapakuwa na kelele yoyote, ila kuku mmoja aliyekuwa analia.

Rehema akaiweka simu mfukoni, akaenda ofisini, akarudi na bisibisi.

Hajapiga mpaka leo. Ukutani pamebaki matundu ya skrubu, na Rehema anasema hataweka kibao kingine mpaka tumwambie mimi na Nyanzobe kiandikwe nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu hii inayonishinda. Jina la Luhende litakuwepo. Na majina ya wale wawili, Malugu na Sospeter.

Yule mwanamke wa Kimali alikataza robota lisibadilishwe. Alisema balbu itengenezwe lakini pamba iachwe na doa lake la maji. Nendeni mkalione, ni karibu, acheni kucheka. Simameni na chini ya majembe. Na kesho mkifika presi, kabla hujalipanga robota, piga goti uweke shavu, pande zote, macho umefumba. Msimamizi akikuuliza moshi uko wapi, usiangalie chini.

Siku ile, kabla hatujatoka, Nyanzobe alirudi peke yake chumba cha mwisho, gizani. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji na sketi yake ya ualimu, ameweka shavu kwenye robota, amelikumbatia kama mimi siku yangu ya kwanza. Alikaa hivyo muda.

"Limepoa, bamdogo," akasema.